Treni ya Rigi siku mlima umejifunika: uzoefu wangu na Mama

Mama alikaa kwangu Zürich miezi miwili, na katika yote niliyompangia, safari ya treni kupanda Mlima Rigi, hapa Uswisi, ndiyo niliyoitamani zaidi. Jumamosi yenyewe ikafika, katikati ya Oktoba. Nafungua dirisha alfajiri, mji umefunikwa gubigubi na ukungu. Hata jengo la ng'ambo ya barabara silioni vizuri. Nikamwambia labda tuahirishe. Yeye alishafunga kilemba, chai ya tangawizi imo kwenye chupa, maandazi yamo kwenye kopo.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa Marangu. Mlima kujifunika ni habari gani kwangu?"

Aliyekulia chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, anaelewa. Kule unaweza kuishi wiki nzima na mlima mkubwa kuliko yote Afrika bila kuuona, kisha jioni moja unatoka kuanika nguo na umesimama pale juu ya migomba, mweupe wote. Hakuna anayesema mlima umemdhulumu. Basi tukatoka.

Naandika haya kwa sababu jamaa zangu wengi wanaokuja Uswisi wananiuliza swali lile lile: nauli ya treni za milimani ni kubwa, siku yangu ni moja, na kuna mawingu, je niende? Jibu langu ni kwamba inategemea wingu liko wapi, na unapanda treni ya mlima upi.

Kuhusu wingu, jirani yangu wa ghorofa ya chini ndiye aliyenifundisha. Vuli na majira ya baridi ukungu hutanda juu ya mabonde na maziwa ya huku kama blanketi, kwa sababu hewa baridi nzito inalala chini na hewa yenye joto kidogo inaikalia juu. Mjini mnatembea kwenye kijivu siku tano mfululizo, wakati aliye mita elfu moja na mia tano anaota jua na kutazama ukungu chini yake kama bahari. Hilo ni wingu la kukimbilia, panda haraka. Lingine ni wingu linaloshika mlima wenyewe, kuanzia katikati hadi kileleni. Kwa kusimama kituoni huwezi kujua ni lipi. Angalia kamera: kilele cha Rigi kina kamera zinazoonyesha hali ya muda ule ule, bure, kwenye simu. Mimi niliziangalia tukiwa ndani ya treni ya kutoka Zürich. Picha ilikuwa nyeupe tupu. Nikajua letu ni lile la pili, na Mama sikumwambia mpaka tulipofika Goldau, kituo cha chini ya mlima.

Sasa nauli, maana hapo ndipo nilipopata somo. Mwaka uliotangulia nilinunua kifurushi cha ziara kwa wakala mmoja, mlima mwingine, tarehe imefungwa wiki tatu kabla. Siku ikafika na mvua, tarehe haibadilishwi, pesa hairudi, tukapanda kutazama kioo kilicholoa. Kwa hiyo safari hii sikufunga chochote. Mama, kwa kuwa ni mgeni asiyeishi Uswisi, nilimnunulia Swiss Travel Pass ya siku tatu. Kadi hiyo inalipia treni za kawaida, mabasi, meli za maziwani, na Rigi nzima kutoka chini hadi juu bila kuongeza hata senti. Milima mingi haimo hivyo. Kwa Gornergrat na Pilatus unapata nusu nauli, na kwa Jungfraujoch, kule mita 3,454, unapunguziwa robo tu ya kipande cha juu. Ndiyo maana nasema Rigi ni mlima wa siku ya mashaka. Jungfraujoch ukikuta wingu, umelipa pesa nyingi kupita kwenye handaki la kilomita saba na kutokea kwenye weupe. Mimi mkazi nina kadi ya nusu nauli, nayo inakubaliwa Rigi. Tiketi yangu nilinunua dakika kumi kabla ya treni kuondoka.

Kituo cha Arth-Goldau kina jambo zuri: treni ya Rigi inaanzia juu, kwenye jukwaa lililojengwa kama daraja juu ya reli za kawaida. Unashuka kwenye treni ya Zürich, unapanda ghorofa, na behewa la buluu linakusubiri. Kabla ya kuingia, Mama aliinama kwenye ukingo wa jukwaa akatazama chini muda mrefu. Nikadhani ameangusha kitu.

"Hii ngazi ya nini hapa katikati?"

Na kweli ni ngazi. Katikati ya vyuma viwili vya reli kimelazwa cha tatu, kilichotengenezwa kwa pau mbili za chuma zilizosimama ubavu na vipingo vilivyopangwa karibu karibu kati yake, umbo lile lile la ngazi ya kupandia mwembeni. Vipingo vilikuwa vimesuguliwa vinang'aa upande wa juu, na pembeni grisi nyeusi imeganda, imeshika majani makavu ya vuli. Chini ya behewa kuna gurudumu la meno. Jino linaingia kati ya kipingo na kipingo, linavuta, linafuata jingine. Magurudumu ya kawaida yanabeba uzito tu, maana chuma juu ya chuma kingeteleza kwenye mteremko kama huu. Upande wa Goldau reli inapanda mita moja kwa kila mita tano. Upande wa Vitznau, njia ya pili ya kupandia Rigi, ni mita moja kwa kila nne.

Aliyeibuni ngazi hiyo ni fundi aitwaye Niklaus Riggenbach. Njia ya Vitznau ilifunguliwa tarehe 21 Mei 1871, na ndiyo reli ya kwanza ya mlimani Ulaya. Hii ya Goldau ilifuata mwaka 1875. Injini za mwanzo zilikuwa za mvuke, na tangi la kuchemshia maji lilisimamishwa wima kama pipa. Moja yao, namba 7 ya mwaka 1873, inatunzwa Luzern kwenye jumba la makumbusho ya usafiri. Siku hizi njia zote mbili ni za umeme. Upana wa reli ni milimita 1,435, sawasawa na SGR yetu, na nilipomwambia Mama akafurahi, kwa sababu alishapanda ile ya Dar hadi Dodoma na sasa anajiona mtu wa reli.

Tukaondoka. Goldau yenyewe ina historia nzito: mwaka 1806, tarehe 2 Septemba, upande mzima wa mlima wa jirani, Rossberg, uliporomoka ukazika kijiji, watu 457 wakafa. Mawe yaliyoshuka siku ile, mengine makubwa kama nyumba, bado yapo msituni yameota kuvu. Siku ya anga safi unaliona kovu la mlima dirishani. Sisi tuliona misonobari, halafu misonobari michache, halafu hakuna kitu.

Na hapa ndipo ninapotaka kutetea siku ya mawingu. Ukiwa huna mandhari ya kutazama, unaisikia treni. Ile ngazi inaimba. Sauti ya meno inakuja kutoka chini ya miguu, tat-tat-tat yenye kasi moja, inapanda kwenye viti mpaka kifuani, na pale mlima unapokaza unahisi mgongo wako unaegemezwa kwenye kiti bila wewe kutaka. Mama alishusha kioo kidogo. Ukungu ukaingia na harufu ya nyasi mbichi na mavi ya ng'ombe, na kengele za ng'ombe zikasikika karibu kabisa, pengine mita kumi, lakini ng'ombe wenyewe hatukuwaona hata mmoja. Mama akacheka kwa sauti. Akasema hiyo harufu ni ya kwao.

Behewa lilikuwa na watu tisa tu. Siku ya jua, nilishaona mwenyewe, watu wanasimama mlangoni. Kondakta, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa na muda. Mama akamsalimu "Grüezi" alivyofundishwa na wajukuu, mzee akaketi kiti cha mbele yetu akaanza kueleza, mimi natafsiri. Alituambia kwamba injini hukaa upande wa bondeni ili iwe inasukuma. Ikishuka, mota zinageuka kuwa breki, na umeme unaozalishwa unarudi kwenye waya. Kisha akaeleza watu walivyopanda kabla ya 1871: kwa miguu, kwa farasi, au wenye pesa wakibebwa kwenye viti na wanaume wa vijijini. Hata Malkia Victoria wa Uingereza alipanda huku mwaka 1868, miaka mitatu kabla ya reli.

Mama aliacha kucheka. Kaka yake, mjomba wangu, alikuwa mpagazi Kilimanjaro miaka ishirini na mbili, njia ya Marangu. Shingo yake mpaka leo haigeuki sawasawa. Akaniambia, muulize huyu mzee, reli ilipokuja wale wabebaji walikwenda wapi.

Nikauliza. Kondakta akafikiri, akasema babu zake walikuwa wakulima wa bonde la pili, lakini anavyojua wengi waliipinga reli, kisha watoto wao wakaajiriwa relini. Mama akaitikia kwa kichwa. Hilo si swali la historia kwake. Tangu serikali ilipotaja wazo la magari ya kebo Kilimanjaro mwaka 2019, wapagazi na waongozaji watalii wamekuwa wakilipinga, na nyumbani kwetu lilizungumzwa kila mlo. Mimi mwenyewe nimekuwa upande wa mjomba na bado niko. Lakini nilikaa kwenye kiti kile, mgongo wa mama yangu mwenye miaka sitini na nane umeegemea vizuri, magoti yake yasiyoweza ngazi za ghorofa mbili yakipelekwa kileleni, na moyo wangu ulikuwa mzito kweli.

Kuanzia kituo cha Rigi Staffel njia mbili, ya Goldau na ya Vitznau, zinakwenda sambamba hadi juu. Treni nyekundu ilitokea ghafla kwenye ukungu kando yetu, taa zimewaka, watoto wakapunga mikono, ikamezwa tena. Kwangu hiyo ndiyo picha ya siku nzima.

Kileleni, kituo kikiwa mita 1,752, hatukuona kitu. Nasema ukweli ili asije mtu akasema nilimdanganya. Lile bango linaloonyesha majina ya vilele vyote vya Alps lilikuwepo, vilele havikuwepo. Baridi ilikuwa kali, upepo unapenya sweta. Chukueni koti hata kama chini kuna joto. Tulikunywa chai yetu kwenye benchi la kituo, kisha tukaingia mgahawa mmoja kwa ajili ya supu, na bei ya ile supu ilimfanya Mama apige hesabu ya shilingi mara mbili. Bebeni chakula chenu.

Tulisubiri saa moja na nusu. Mara moja tu, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, ukungu ulipasuka upande wa kaskazini, na chini kabisa tukaona maji ya Ziwa la Zug, rangi ya sufuria, na kijiji kidogo ukingoni. Kisha pakafungwa. Mama alikuwa ameshika mkono wangu na hakuuachia mara moja.

Kushuka tulichukua treni nyekundu ya Vitznau, na nawashauri mfanye hivyo: msirudi mlikotokea. Haifiki saa moja. Baada ya kituo cha Kaltbad tukatoka chini ya wingu kama mtu anayetoka chini ya pazia, na Ziwa la Luzern lote likawa pale, kijivu, na meli moja nyeupe ikichora mstari. Kituo cha Vitznau kiko hatua chache kutoka gatini. Meli hadi Luzern ni karibu saa moja, na kwa kadi ya Mama ilikuwa imeshalipiwa. Angalieni tu ratiba mapema, maana kuanzia vuli meli hupungua na ukiikosa moja unakaa sana.

Kwa magoti mabovu: vituo nilivyovitumia mimi vilikuwa rahisi kwa Mama, Goldau kuna lifti. Choo kipo kileleni. Kati ya Kulm, yaani kileleni, na Kaltbad watu wengi wanatembea kwa miguu, saa moja hivi ya kuteremka. Sisi hatukujaribu.

Ningepanda tena siku kama ile, na kwa nauli yangu mwenyewe. Nikiwa na mgeni mwenye siku moja tu na hamu ya theluji, ningemwomba asubiri kamera ioneshe jua.

Mama amesharudi Marangu. Wiki iliyopita alinipigia akataka picha. Nikaanza kumtumia ile ya Ziwa la Zug, ndiyo pekee yenye mandhari. Akaikataa. Anataka ya ile ngazi ya chuma yenye grisi, niliyompiga ameinama juu yake kule Goldau. Anasema mjomba amemuuliza mara tatu yale meno yanashikaje, na kwa maneno ameshindwa kumweleza.