Oili nafuu ya mnyororo wa chenso: joto la Tanga, baridi ya Njombe

Kwa joto la Tanga, oili mpya ya injini SAE 40 inatosha. Kasoro yake ni kwamba haina kiungo cha kunata, hivyo hurushwa nje ikifika ncha ya bamba (chuma kirefu ambacho mnyororo huzungukia). Kwa hiyo fungua kidogo skrubu ya pampu ya oili ili itoke zaidi. Asubuhi za Juni na Julai Njombe, oili hiyohiyo huwa nzito, pampu haivuti, bamba linachemka mpaka kingo zinageuka bluu. Huko weka oili nyepesi zaidi, 10W-30. Oili chafu ya gereji hatuipendekezi popote, hata ya bure: chembe za chuma hula pampu na bamba. Jaribio: elekeza ncha ya bamba kwenye kisiki kikavu, umbali wa sentimita 20, piga resi dakika moja. Usipoona mstari wa oili, usikate. Safisha tundu la oili kwanza.