Seti ya modeli za uzazi, ua na binadamu, kutoka Kariakoo: ua nunua, chati ya hedhi isahihishe kwanza

Wadau mnaofundisha baiolojia, na wazazi mnaotafuta kitu cha kumsaidia mtoto wa kidato cha tatu kwenye mada ya uzazi, hii ni ya kwenu. Kuna seti inauzwa saivi kwenye maduka ya vifaa vya shule Kariakoo, boksi moja lina ua kubwa la plastiki linalofunguka, kiuno cha mwanamke na cha mwanaume vilivyokatwa katikati uone ndani, vijimodeli vya mimba mwezi kwa mwezi, na chati mbili za ukutani. Mi nafundisha twisheni Mbagala na nimeitumia muhula mzima, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua. Kwa kifupi ua ni zuri sana, viungo vya binadamu vizuri, mimba ya mwezi wa kwanza wamekosea, na chati ya hedhi usiibandike ilivyo.

Ua ndo lililonifanya nitoe hela. Petali zinachomoka, stameni (sehemu za kiume zinazotoa chavua, ule unga wa ua) zinachomoka, ovari nayo inafunguka kama kabati unaona ovyuli, zile zinazokuja kuwa mbegu, zimejipanga ndani, na ni kubwa kiasi kwamba hata wa dawati la mwisho anaona. Watoto wengi wanakariri majina tu bila kujua kipi kiko juu ya kipi, ukiwapa hili walibomoe na kulirudisha wenyewe hawasahau. Ila usiishie hapo, wakishamaliza wape haibiskasi, lile ua jekundu linalopandwa kwenye fensi mitaani kote, walipasue kwa wembe taratibu kutoka chini. Humo stameni zimejishika kwenye bomba moja linalozunguka staili (kile kijishina kinachopanda kutoka kwenye ovari), juu yake kuna stigma 5, yani vichwa vinavyopokea chavua, kwa hiyo wanaona kwamba maua hayafanani na mtihani ukileta ua lingine hawashtuki.

Sasa kuna kitu kimoja kikubwa modeli imekiacha na kinaniuma. Chavua ikitua kwenye stigma inaota mrija, mrija unashuka ndani ya staili mpaka kwenye ovyuli, hiyo wameionyesha vizuri kabisa. Lakini ndani ya mrija wameweka gameti (seli ya uzazi) moja ya kiume, na kwenye mimea ya maua zinaenda mbili! Ya kwanza inaungana na yai, hapo anapatikana mtoto wa mmea, ya pili inaungana na viini viwili vilivyo katikati ya kifuko kilichobeba yai ndani ya ovyuli, na hapo kinatengenezwa chakula cha huyo mtoto. Navashin, Mrusi, aliligundua hili mwaka 1898 na mpaka leo ndo linalotofautisha mimea hii na sisi, sasa ukiliacha umefundisha nini?

Dawa yake nimeipata kwa muuza madafu. Yale maji ya dafu ndo chakula chenyewe kilichotokana na ile gameti ya pili, kikiwa bado cha maji, viini vinaelea humo, alafu kadiri nazi inavyokomaa seli zinajipanga pembeni zinakuwa nyama ile tunayoikuna. Mtoto mwenyewe yuko chini ya lile jicho laini kati ya macho matatu ya nazi. Tafuta pia nazi iliyoanza kuota uipasue darasani, mtaliona joya, ile nyeupe laini kama sponji watu wanayoigombania jikoni, kazi yake ni kunyonya chakula kutoka kwenye nyama ya nazi na kukipeleka kwenye mche. Nilipofika hapo binti mmoja akasema mwalimu si ndo kondo la nyuma hilo, na kwa kazi yuko karibu kabisa, tofauti ni kwamba kondo linachukua chakula kwenye damu ya mama siku kwa siku, na mnazi umeshamfungia mwanae chakula chote akaondoka nacho.

Hindi la kuchoma nalo msilipite. Kila uzi wa zile ndevu unaenda kwenye punje yake, chavua kutoka kwenye mbelewele kule juu isipoufikia uzi huo punje haijai, ndo maana unakuta hindi lina mapengo.

Turudi kwenye boksi. Kiuno cha mwanamke kimetengenezwa kwa uangalifu, mirija ya uzazi inaonekana vizuri na hapo utamaliza kosa linalorudiwa kila mwaka, maana wanafunzi wanaandika kwamba yai linarutubishwa kwenye mji wa mimba wakati linarutubishwa kwenye mrija, alafu linasafiri siku kadhaa huku linajigawa ndo lije kujipandikiza ukutani mwa mji wa mimba. Cha mwanaume kiko sawa, sina neno. Vijimodeli vya mimba ndo shida, cha mwezi wa kwanza wameweka kitoto kamili kina vidole na pua, na si kweli, wiki 4 baada ya kurutubishwa ni kitu cha milimita chache kimejikunja kina na kimkia, moyo umeanza kudunda lakini vidole bado. Kuanzia mwezi wa tatu viko sawa, vitumie.

Chati ya kwanza inaonyesha kromosomu X na Y, zile zinazoamua mtoto awe wa kike (XX) au wa kiume (XY), na naipenda sana, ibandikeni hata nyumbani, mama anatoa X tu, baba ndo anatoa X au Y, na bado kuna wanawake mji huu wanasimangwa kwa kuzaa mabinti watupu.

Chati ya pili ndo inayonikosesha raha. Wamechora mzunguko wa siku 28, siku ya 14 wameipaka nyekundu imeandikwa yai linatoka, siku zilizobaki kijani, basi. Binti akiitazama anaelewa kwamba kijani ni salama na kwamba hiyo inamhusu yeye, wakati mizunguko mingi inaangukia popote kati ya siku 21 na 35, na yai kwa kawaida linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi INAYOFUATA, siyo baada ya iliyopita. Mwenye siku 35 linatoka karibu na ya 21, mwenye siku 21 linatoka karibu na ya 7 yani damu imeisha juzi tu. Mwezi mwingine linawahi au linachelewa, na wasichana wadogo ndo mzunguko unayumba zaidi. Alafu yai linaishi siku moja hivi, lakini mbegu za kiume zinaweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke mpaka siku 5 zikisubiri. Kweli tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua kurudi shule, nashukuru kwa hilo, ila kwanini apitie huko kwa sababu ya rangi ya kijani kwenye karatasi tuliyoibandika sisi wenyewe? Mi nimechukua makapeni nikafuta kijani chote, nikachora mizunguko mitatu tofauti pembeni, mabinti waliuliza maswali mpaka muda ukaisha na wavulana nao nikawakalisha wasikilize.

Bei inategemea unavyobishana, kwangu ilishuka chini ya laki mbili, na baadhi ya maduka wanakuuzia ua peke yake ukiomba, kwa mzazi hilo linatosha. Kabla hujalipa fungua boksi hapo hapo kaunta, angalia sumaku zinazoshika ovari maana moja ya kwangu ilitoka wiki ya kwanza tu, na hesabu vipande vyote, kondo ni kadogo linapotea kirahisi. Zile za maonyesho mlangoni zimepauka kwa jua, waambie wakutolee ya stoo.