Saoirse Ronan ndani ya The Outrun: nimemkubali

Filamu nyingi za walevi zinanikera kwa jambo moja: mwigizaji anapepesuka, ulimi mzito, basi, tuamini amelewa. Katika The Outrun ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Nora Fingscheidt kutokana na kitabu cha maisha ya Amy Liptrot, Saoirse Ronan hafanyi hivyo. Yeye ni Rona, msomi wa biolojia ambaye pombe imemharibia maisha London, akarudi kwao visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti.

Kuna pale baa inapofungwa, naye bado anamalizia mabaki kwenye glasi za watu. Muangalie usoni. Anatania, anabembeleza, kisha akianza kutolewa nje anageuka mbogo. Mgeuko huo wa ghafla anaujua kila aliyewahi kuishi nyumba moja na mlevi. Mimi nimeishi naye, na ilibidi nisimamishe filamu kwanza nivute pumzi.

Ila uwezo wake hasa niliuona kwenye maisha ya baada ya soba hausi, ambayo hayana shangwe yoyote. Anazalisha kondoo shambani kwa baba yake, na ni kondoo wa kweli, kwa mikono yake mwenyewe. Usiku anaendesha gari kutafuta mlio wa ndege adimu anayejificha majanini. Anamvumilia mama mshika dini. Maneno ni machache, kazi yote inafanywa na macho na mabega. Anapotembea kwenye upepo wa bahari, hedifoni masikioni, muziki wa klabu ukidunda, unaona kabisa mwili bado unaidai London. Na anateleza, anarudia pombe. Ronan haombi tumhurumie wala tumsamehe.

Hadithi inaruka mbele na nyuma kupita kiasi. Bila rangi ya nywele zake, inayobadilika kadiri muda unavyokwenda, ningepotea. Masimulizi ya ngano za visiwani nayo yangepunguzwa.

Waliompendekeza kuwania BAFTA, tuzo kubwa ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji bora wa kike hawakukosea. Itazameni, hasa ninyi mnaouguza ndugu mraibu. Ila kama una siku chache tu tangu uache pombe, usiitazame peke yako: zile sehemu za klabu zimepigwa vizuri mno, zinaweza kukuamshia kiu.