Skana ya zamani, kompyuta mpya: uzoefu wangu na VueScan

Kama una skana ya kioo, ile ya kulaza picha kifudifudi na kufunika, na kompyuta mpya imeikataa, usiitupe kwanza. Yangu inafanya kazi kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 11, na picha inazotoa zinazizidi kwa mbali zile nilizokuwa nikipiga kwa simu juu ya albamu.

Skana yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Taa inawaka, kioo hakina mkwaruzo, mkono wa ndani unakwenda na kurudi bila kukwama. Tatizo lilikuwa draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Watengenezaji waliiandikia Windows ya biti 32, wakaishia hapo, na Windows 11 ipo ya biti 64 peke yake. Programu nyingi za biti 32 bado zinafunguka humo, lakini draiva ya biti 32 haipokelewi, kwa hiyo kuhangaika na ile CD iliyokuja kwenye boksi ni kupoteza muda. Inaniuma sana kuona vifaa vizima vinaishia jalalani kwa sababu ya draiva ambayo hakuna aliyejali kuiandika upya.

Kilichoniokoa ni VueScan, programu ya Ed Hamrick iliyopo tangu 1998. Haitegemei draiva za kiwandani. Inakuja na za kwake kwa maelfu ya skana. Ingia kwenye orodha yao, tafuta modeli yako, na usome maelezo yake mpaka mwisho, maana baadhi ya skana zina masharti. Toleo la majaribio ni la bure ila linachapa alama juu ya kila picha. Hilo halina neno: utajua kama skana yako inasoma kabla hujatoa hela.

Kuna jambo lingine lililonisumbua kuliko hata draiva, nalo ni tundu la USB. Nilipochomeka kwenye tundu la mbele, la USB 3, skana ilionekana, ikaanza kusoma, kisha ikapotea katikati ya picha. Nikahamia tundu la USB 2.0 nyuma ya kompyuta, moja kwa moja kwenye ubao mama, kwa kebo fupi, na haijapotea tena. Kama kompyuta yako ina matundu ya USB 3 tu, kigawanyio (hub) cha USB 2.0 katikati mara nyingi kinatuliza mambo. Usiogope kwamba utapunguza kasi: USB 2.0 ina uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde, na skana ya umri huu haifiki huko. Kabla ya kuwasha, pindua skana uangalie kufuli ya usafirishaji chini yake. Ikiwa imefungwa, mkono hautembei, na utasikia mngurumo mbaya wa mota.

Kwa picha za karatasi ninatumia nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inatoa faili la TIFF la megabaiti 25 hivi, likiwa halijabanwa. Ukipanda mpaka 1200 faili linakuwa kubwa mara nne, na kwa kawaida karatasi haina kitu cha ziada cha kukuonyesha. Kwenye picha moja ya bibi, iliyojikunja pembeni, naona mshono wa kola yake na mhuri wa studio uliokandamizwa kwenye kona. Kwa simu, kona hiyo ilikuwa mng'ao mtupu. Hapo ndipo skana yenye kihisi cha CCD inapoonyesha thamani yake, kwa sababu inaona vizuri hata sehemu iliyoinuka kidogo kutoka kwenye kioo. Nyingi za zile nyembamba zinazopata umeme kupitia USB zina kihisi cha CIS, na sehemu ya namna hiyo huitoa na ukungu. Yangu ina taa ya mrija, hivyo naiacha ipate moto kwanza, la sivyo picha za mwanzo zinatofautiana rangi na zinazofuata.

Siipendi sura ya VueScan. Vitufe vimejazana na mipangilio mingi muhimu imefichwa mpaka uchague hali ya kitaalamu. Lakini kile kipengele cha kurejesha rangi kimezipa uhai picha zilizokuwa zimegeuka nyekundu nzima.

Wanaotumia Linux wana bahati: SANE, programu ya kuendesha skana, ni ya bure na inazitambua skana nyingi za zamani bila kununua chochote, ingawa nayo ina orodha yake ya kukagua. Mwenye skana ya kebo pana ya printa, ile ya kabla ya USB, asinunue kiunganishi cha kuigeuza iwe USB. Vile vimetengenezwa kwa ajili ya printa, na skana haziongei navyo. Kwa hiyo, tafuta kompyuta ya zamani yenye tundu hilo.