Jenereta ya petroli ya kVA 3.5: inabeba nini kweli, na husumbua wapi

Ninayoizungumzia ni jenereta ya kubebeka: injini ya mipigo minne, silinda moja ya cc 208, kamba ya kuvutia, tangi la lita 15, volti 230 za fezi moja. Boksi linasema kVA 3.5 (zao la volti na ampea, kwa maelfu) kwa maandishi makubwa. Liache boksi, soma kibati kilichobandikwa kwenye alteneta, sehemu inayozalisha umeme. Pale utakuta kilowati 2.8 za juu kabisa na 2.5 za kazi ya kuendelea, yaani ampea 11 hivi. Malalamiko mengi kuhusu mashine hizi huanzia kwenye tofauti hiyo. Ukiwa sehemu za mwinuko, punguza tena karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa sababu injini inavuta hewa nyepesi.

Mimi huipanga kwa kilowati 2 na kuacha zilizobaki kwa ajili ya mota. Pampu ya hospawa 1 ikishaanza kuzunguka hula ampea 5 au 6, lakini wakati wa kuondoka huvuta mara tatu hadi sita ya hapo. Kwa hiyo washa pampu kwanza, iache itulie, ndipo uongeze friji, kisha taa na televisheni. Friji ikizimika ghafla, isubiri dakika tano kabla ya kuirudisha. Kompresa yenye presha ndani hukwama, na hapo jenereta hukohoa na kukata. Pasi au jagi la umeme la wati 2,000 halina shida hiyo, ila usilichanganye na kitu kingine kikubwa.

Umeme wenyewe hutengenezwa hivi: injini inazungusha rota (sehemu inayozunguka) ndani ya koili za stata (sehemu iliyosimama). Kidhibiti volti, ambacho mafundi hukiita AVR, hupeleka umeme mdogo wa moja kwa moja kwenye rota kupitia kaboni mbili (vipande vidogo vinavyoigusa inapozunguka), rota inakuwa sumaku, na stata inatoa volti 230. Rota ina ncha mbili za sumaku, hivyo hezi 50 (mawimbi ya umeme kwa sekunde) zinahitaji mizunguko 3,000 kwa dakika. Bila mzigo, gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, huiacha kwenye hezi 52 hivi, na ukiipa mzigo hushuka kukaribia 50. Hiyo ni kawaida. Kuna mafundi wanaokaza springi ya gavana ili "iongeze nguvu". Usikubali. Kinachoongezeka ni hezi na uchakavu. AVR inaendelea kushikilia volti zilezile.

Kwa mota, taa na vifaa vya joto nairidhia. Kwa kompyuta na mizani nyeti ningechukua ya aina ya inveta, ambayo hutoa umeme safi na kushusha mwendo mzigo unapopungua. Hii haijui kupumzika: iwe imebeba taa mbili au kilowati 2, inazunguka mwendo uleule. Kwa nusu mzigo inakula lita moja hadi moja na robo kwa saa, na bila mzigo wowote bado inakula zaidi ya nusu lita. Zahanati au mnara wa simu unaotaka umeme siku nzima uende kwenye dizeli ya mizunguko 1,500, nayo isichaguliwe kubwa kupita kiasi. Dizeli ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha, na masizi na mafuta yasiyoungua hujaa kwenye ekzosi.

Matunzo hayana siri. Oili ni lita 0.6 ya 10W-30. Mwaga ya kwanza baada ya saa 20, kwa kuwa inabeba vumbi la chuma la injini mpya, halafu kila saa 100. Oili ikipungua, swichi ya ndani huzima cheche. Kwa hiyo ikigoma kuwaka huku petroli ipo, chungulia oili kabla hujafungua kitu, na hakikisha imekaa sehemu tambarare. Nafasi ya plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Kabureta ndiyo sehemu dhaifu. Petroli ikilala mwezi mmoja au zaidi huacha utando unaoziba jeti ndogo, yaani tundu linalopitisha petroli. Dalili yake ni mlio unaopanda na kushuka wenyewe wakati mzigo haujabadilika, na ukivuta choki kidogo unatulia. Fungua bakuli la kabureta, pitisha hewa ya presha kwenye jeti. Usichokonoe kwa waya mgumu, utapanua tundu. Kinga ni rahisi: unapoihifadhi, funga bomba la mafuta uiache ijizime yenyewe.

Injini ikinguruma na umeme haupo, angalia kwanza swichi ya kukata, kisha pima tundu la umeme kwa mita. Ukipata volti chache tu, sumaku kidogo inayobaki kwenye rota bado ipo, basi kagua kaboni na AVR. Ukipata sifuri kabisa baada ya mashine kukaa muda mrefu, huenda sumaku hiyo imepotea. Zima injini, chomoa waya za AVR kwenye kaboni, gusisha betri ya volti 12 kwenye kaboni hizo kwa sekunde mbili tatu ili kuirudisha sumaku, chanya kwa chanya, kisha rudisha waya.

Iendeshe nje, mita 6 au zaidi kutoka madirisha, ekzosi ikielekea mbali na nyumba. Kaboni monoksaidi haina harufu na huua hata kwenye kibaraza kilichozibwa pande tatu. Kuunganisha nyumba nzima ni kwa swichi ya chenjiova tu, inayochagua ama gridi ama jenereta. Waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani, unarudisha umeme kwenye laini ya nje anakofanyia kazi fundi wa nguzo, na umeme wa gridi ukirudi ghafla, alteneta inaungua.