Sanduku la mboga lenye miguu na tangi la maji: linamfaa mzee?

Masanduku haya ya plastiki huuzwa kwa ahadi mbili: hutainama tena, na hutamwagilia kila siku. Ahadi ya pili ni ya kweli, ila ina masharti yake. Ya kwanza inategemea kimo cha mtu, na hapo wauzaji wengi hunyamaza. Tunalozungumzia ni lile la saizi ya kawaida: urefu sm 100, upana sm 50, kina cha udongo sm 25, tangi la lita 25 hivi chini yake, na ukingo wa juu uko sm 80 kutoka sakafuni.

Anayefanya kazi amesimama hustarehe uso wa udongo ukiwa sm 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Mtu mwenye kimo cha sm 150 kiwiko chake huwa karibu sm 95 kutoka chini, kwa hiyo sanduku hili linamkaa sawasawa. Mwenye sm 170 kiwiko chake kiko karibu sm 107, naye ataendelea kuinama kidogo kila anapopalilia, na kiuno kitamkumbusha jioni. Pima kiwiko chako kabla ya kulipa. Kama linakuwa fupi, tafuta lenye miguu ya kurefushwa, au weka tofali moja pana la zege chini ya kila mguu. Matofali mawili yaliyopandana usithubutu. Uzito wake utauona hivi punde.

Kwa anayelima akiwa ameketi, au aliye kwenye kiti cha magurudumu, sanduku hili tunalikataa. Magoti huhitaji nafasi ya sm 65 hadi 70 kutoka chini. Ukiongeza tangi na udongo juu ya nafasi hiyo, ukingo unafika karibu mita moja, na mikono inakuwa usawa wa mabega. Afadhali sanduku la chini la sm 60 ambalo mtu hukaa ubavuni mwake, au lile ambalo sehemu yake ya mbele ina kina kifupi ili magoti yaingie. Upana wa sm 50 ni mzuri lakini. Mkono unafika nyuma bila mtu kulala kifua juu ya ukingo.

Uzito sasa. Udongo hapa ni lita 125. Mchanganyiko mwepesi ukilowa hukaribia kilo moja kwa lita, ongeza maji ya tangi, unapata kilo 150 bila kuhesabu plastiki yenyewe. Udongo mzito wa shambani ukilowa huvuka kilo 200 kwa urahisi, na miguu ya plastiki huanza kupanuka nje. Ndiyo maana sanduku huunganishwa na kujazwa palepale litakapokaa. Kaza boliti kwa mkono kwanza, weka pima maji juu ya ukingo kwa urefu na kwa upana, sawazisha, kisha ndipo ukaze kwa spana. Likiinama upande, maji hukusanyika kona moja, boya (kielea kinachoonyesha kiwango cha maji) huonyesha tangi limejaa, na miche ya upande wa pili inanyauka. Kwenye ardhi laini kila mguu uwekewe kigae kipana, maana mvua ya kwanza tu huuzamisha.

Kilichobuniwa vizuri zaidi ni tangi. Kibao chenye matundu hutenganisha maji na udongo, na vikombe viwili au vinne vyenye matundu hushuka kutoka kwenye kibao hadi ndani ya maji. Udongo ulio ndani ya vikombe hivyo hunyonya maji na kuyapandisha, kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Malalamiko mengi ya kwamba "tangi limejaa na mboga zinakauka" huanzia hapohapo: vikombe vilijazwa udongo mkavu, ukabaki na mianya ya hewa, na maji hayapandi. Lowesha mchanganyiko kwanza mpaka ukiukamua kiganjani ushikamane bila kutiririka maji. Jaza vikombe kidogo kidogo, ukishindilia kwa ngumi. Ndipo umwage uliobaki juu ya kibao, na huo usiushindilie.

Mchanganyiko unaofanya kazi ni sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyosagwa, sehemu moja ya mboji iliyoiva, na sehemu moja ya mchanga mkubwa. Udongo wa mfinyanzi hujaa maji kupita kiasi na mizizi inakosa hewa. Mchanga mtupu nao haupandishi maji hadi juu. Samadi iwe imeoza kabisa; mbichi hutoa harufu tangini na kuunguza mizizi.

Usitegemee tangi tangu siku ya kwanza. Mbegu na miche midogo haijafikisha mizizi chini, hivyo wiki mbili za mwanzo mwagilia kutoka juu. Baada ya hapo chimba kwa kidole sm 5: pakiwa na unyevu, acha tangi lifanye kazi yake. Eneo hili la nusu mita ya mraba, likiwa limefunikwa na majani yaliyokomaa, hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku ya kawaida na karibu 4 kukiwa na jua kali na upepo. Lita 25 basi ni siku 6 hadi 12. Anayekwambia mwezi mzima anakudanganya. Jaza kwa jagi la lita 4 au 5. Ndoo ya lita 10 iliyojaa inazidi kilo 10, na kuiinua hadi kifuani kunaondoa faida yote ya kutoinama.

Kuna kitundu kimoja cha kukagua dukani: cha kufurikia maji. Kinapaswa kuwa ubavuni, sm 2 hivi chini ya kibao, ili hewa ibaki kati ya maji na udongo, na kipenyo chake kisipungue sm 1. Sanduku lisilo nacho lisikae nje. Mvua moja kubwa hupandisha maji hadi kwenye udongo na mizizi huanza kuoza. Vyembamba huzibwa na nyuzi za makumbi, hivyo vizibue kwa kijiti mara kwa mara. Bomba la kujazia nalo liwe na kifuniko, na kitundu cha kufurikia kifungwe kipande cha chandarua, la sivyo umefuga mbu.

Kwa kuwa maji hupanda na kukaukia juu, chumvi ya mbolea hubaki kwenye uso kama unga mweupe na ncha za majani huungua. Kila baada ya miezi miwili au mitatu fungua kizibo cha chini na umwage lita 50 polepole kutoka juu. Mbolea iwekwe kwenye udongo, kamwe isiwekwe tangini, ambako huotesha ukoga.

Mboga za majani ndizo zinazolifaa: spinachi, saladi, mchicha, giligilani, vitunguu vya majani. Ukichuma majani ya nje tu, yakiwa bado laini, mmea huendelea kuzaa, na meno yaliyopungua hayapati taabu. Giligilani mbichi pia husaidia chakula kuwa na ladha kwa aliyeambiwa apunguze chumvi. Rozimari iache, haipendi unyevu wa kila siku; nyanya ndefu hupita kimo cha mkono na kulifanya sanduku lielemee juu. Lakini usitarajie kujilisha humo: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na nusu mita ya mraba haifiki hapo hata kwa mtu mmoja. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari kabla ya kuzidisha ghafla mboga za majani ya kijani, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kabla ya kuondoka dukani, uliza kama boya na kizibo vinauzwa peke yake. Hivyo ndivyo hufa kwanza: boya hukwama kwa ukoga, kizibo cha mpira hukauka kwa jua na kuvuja.