Springi fupi za milimita 30: uzoefu wangu wa kushusha gari

Springi nilizofunga zimelishusha gari langu milimita 30 mbele na nyuma. Nimeziendesha kwenye lami nzuri na kwenye barabara mbovu, gari likiwa tupu na likiwa limejaa, na msimamo wangu ni huu: springi zenyewe ni nzuri sana, ila atakayezinunua bila kutenga fedha za shokapu atakuja kuzilaumu bure.

Muonekano kwanza, maana ndio unaowavuta wengi, na mimi ulinivuta. Ule uwazi mkubwa kati ya tairi na madigadi, unaolifanya gari dogo lionekane limesimama kwa ncha za vidole, umeondoka. Rimu ni zilezile, tairi ni zilezile, lakini gari limekaa chini kwa utulivu.

Raha yenyewe iko kwenye kona. Bodi hailali kama zamani, pua haizami sana ukikanyaga breki, na ukihama upande ghafla kwenye barabara kuu gari linafuata usukani papo hapo. Wengi hudhani hayo yote yanaletwa na kimo. Sehemu kubwa inaletwa na ugumu wa springi. Kwenye gari lenye mfumo wa MacPherson mbele, yaani shokapu na springi zikiwa nguzo moja, kushuka peke yake kunaweza hata kuongeza kulala kwenye kona, kwa sababu mikono ya chini inayoshikilia magurudumu hubadili pembe, na kile kitovu ambacho bodi hulalia hushuka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Ndiyo maana springi fupi za kampuni makini kama Eibach na H&R za Ujerumani huwa fupi na ngumu kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye ulaini wa safari, ambapo hesabu haimhurumii mtu. Chukua mfano wa gari ambalo gurudumu lake lina nafasi ya kupanda milimita 80 kabla ya kufika kwenye raba ya kuzuia. Ukilishusha 30, umebaki na 50. Nishati ambayo springi inaweza kuimeza huongezeka kwa mraba wa nafasi hiyo, kwa hiyo ili springi mpya imeze pigo lilelile bila kugonga raba, ingebidi iwe ngumu zaidi ya mara 2.5. Springi ya namna hiyo isingevumilika kwenye gari la kila siku. Watengenezaji huongeza ugumu kwa kiasi, kisha kazi iliyobaki wanaiachia raba. Kwa hiyo raba ikiwa imechakaa au fundi ameitupa, utalisikia kila shimo mgongoni. Mimi nilifunga mpya zilizofupishwa, kama maelekezo ya seti yanavyotaka.

Shokapu ndizo zilizoamua mambo. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi baada ya kujikunja, na shokapu laini, hasa iliyozeeka, haiwezi kuituliza: gari hurukaruka, na ule ushikaji uliokuwa unautafuta unapotea. Nilibadilisha zote nne kwa pamoja na springi, nikachagua za mwili mfupi zilizotengenezwa kwa gari lililoshushwa. Tuta dogo sasa nalisikia wazi kuliko zamani, sitaficha hilo, lakini ni pigo moja tu na limekwisha. Hakuna kuyumbayumba baadaye.

Kuna wanaoshauri kukata pingili za springi ya asili kwa sababu ni rahisi. Ninawasihi wasifanye hivyo. Springi yenye pingili sita zinazofanya kazi ukiikata moja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, hilo ni kweli, lakini ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake, na gari likiinuliwa au gurudumu likidondoka shimoni springi inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Kuichoma moto ili ijishushe ni kubaya zaidi. Chuma cha springi hupata uwezo wake kwa kutibiwa kwa joto lililopimwa kiwandani; gesi ya fundi inaufuta uwezo huo, na springi itaendelea kukaa chini kidogo kidogo, kila upande kwa kiasi chake.

Kwenye ufungaji nina jambo moja la kusisitiza kuliko yote, baada ya lile la kutumia kibanio imara cha springi, kwa kuwa springi iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua. Boliti za mikono zenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, bushi itaishi ikiwa imepindwa na itachanika mapema. Fundi wangu alilifanya hilo bila kukumbushwa, na hapo ndipo nilipomwamini.

Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, ni lazima. Gari likishuka, magurudumu huinamia ndani kwa juu na mwelekeo wake hubadilika. Huo mwelekeo ndio unaokula tairi haraka. Nilipima mara tu baada ya kufunga, nikapima tena springi zilipokwisha kutulia. Taa kubwa pia zikaguliwe, hasa kama mbele kumeshuka kuliko nyuma, kwa sababu mwanga unafupika.

Nisichokipenda ni safari ya abiria kamili na mizigo. Nyuma kunakaa chini mno, na matuta marefu inabidi niyapande kwa mshazari, polepole. Mwenye familia kubwa au anayeishi kwenye njia ya vumbi iliyochimbika, milimita 30 ni nyingi kwake. Angetafuta seti ya 15 au 20, au abaki na za kiwandani kisha abadilishe shokapu peke yake.

Kazi iliyobaki kwenye gari langu ni linki za stablaiza, vile vijiti vinavyoshika ule upau wa chuma unaopunguza kulala kwa bodi kwenye kona. Za asili ni ndefu kwa kimo hiki na zimeipandisha pembe ya stablaiza, kwa hiyo nitafunga zile zinazorekebishika urefu, nizipime gari likiwa chini.